Haki Inahitaji Karatasi: Hotuba ya Kamati katika Harambee ya Mwaka



Tunaomba twende moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha.

Mwaka huu jumuiya yetu inachangisha fedha kwa ajili ya chumba kimoja. Ni chumba cha kusomea, chenye vitabu na sheria za nchi kwa Kiswahili, na ndani yake dawati la msaidizi wa kisheria. Tangu barua za mwaliko zilipotoka tumeulizwa mara nyingi: kwa nini sheria, wakati zahanati inahitaji vitanda na barabara inaharibika kila masika? Swali ni la haki kabisa. Hotuba hii ndiyo jibu letu.

Sisi watu wa Tabora tunapenda kutaja majina. Mgeni akifika tunamwonyesha Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora na kumwambia kwamba Mwalimu Julius Nyerere alisoma pale, kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Tunamtaja Mzee Rashidi Kawawa, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, kwamba naye alipita shule hiyohiyo. Tunamtaja Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, na Spika Samuel Sitta wa Urambo. Tuna haki ya kujivunia. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba hawezi kwenda mbele ya baraza na majina hayo mkononi. Baraza litamwuliza: karatasi iko wapi, shahidi ni nani, na kwa nini hukuja mapema? Basi sisi wa kamati tumejiuliza: watu hawa tunaowataja walitengenezwa na nini? Na je, vitu hivyo vilivyowatengeneza, watoto wetu wanavipata leo?

Tuanze mbali kidogo, kwenye njia ya misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo mingi iliyotoka pwani kwenda Ujiji au Buganda ilipita hapa kwetu begani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Historia hupenda kuwasifu wapagazi kwa nguvu za mabega. Haisemi sana juu ya akili zao. Mpagazi wa Kinyamwezi hakubeba mzigo kabla ya kupatana: ujira ni kiasi gani, posho ni ipi, mzigo una uzito gani. Mwenye msafara akivunja mapatano, mizigo iliwekwa chini, na haikuinuliwa mpaka shauri lisikilizwe. Wasafiri wa Kizungu waliandika vitabu wakilalamikia jambo hilo, wakaliita ukaidi. Sisi tunaliita kwa jina lake: wale walikuwa watu waliojua kwamba mapatano ni mapatano, na kwamba mnyonge akisimama na wenzake husikilizwa. Hiyo ndiyo sheria kabla haijaandikwa kitabuni.

Baadaye sheria ikaandikwa, na ikaandikwa na wengine. Hapo ndipo kitu cha kwanza kilichowatengeneza viongozi wetu kinapokuja, nacho ni kusoma. Shule ya Tabora ilianzishwa na serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1920, na mwanzoni ilikusudiwa watoto wa watemi, ili wasaidie kutawala kwa niaba ya mkoloni. Vijana wakasoma zaidi ya walivyokusudiwa. Nyerere alipomaliza Makerere alirudi Tabora, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria ya mapadri mpaka alipoondoka mwaka 1949 kwenda chuo kikuu cha Edinburgh. Katika miaka ile alikuwa pia katika tawi la Tabora la chama cha TAA, ambacho mwaka 1954 kiligeuzwa kuwa TANU. Mkutano wa kuanzisha TANU ulipofanyika Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, Jimbo letu la Magharibi lilikuwa na mtu wake ukumbini, Germano Pacha. Jina lake halitajwi sana siku hizi. Tunalitaja hapa leo ili vijana walisikie.

Kitu cha pili ni kubishana hadharani. Wengi wenu mmesikia habari za mkutano wa TANU uliofanyika hapa mjini Tabora Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa masharti ya uchaguzi ambayo Waafrika wengi waliyaona kuwa ni matusi. Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba jamii hizo zilikuwa sawa kwa idadi. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, kwani palikuwa na masharti ya elimu, kipato au kazi. Wajumbe wengi walikuja Tabora wakiwa wameazimia kususia. Nyerere akasimama upande wa pili: tukisusia, wapinzani wetu wataingia Barazani bila jasho na kututungia sheria kwa miaka mingine. Walibishana kwa siku kadhaa, na mwishowe mkutano ukakubali kuingia kwenye uchaguzi. Uamuzi huo ndio historia inaouita Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ulipofanyika, mwaka 1958 na mapema 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na njia ya Uhuru ikafunguka.

Lakini tusimalize hadithi hapo. Katika mkutano huo alikuwapo Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubaliana na uamuzi. Hakuficha. Aliondoka TANU akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere mwenyewe. Alishindwa vibaya sana. Hata hivyo, mtu akitaka kujua demokrasia ni nini, amtazame pia yule aliyeshindwa, aliyesema neno lake mchana kweupe akaacha wananchi waamue.

Huyu wa kwetu, Mtemi Fundikira, ni mfano mkubwa zaidi. Alizaliwa mwaka 1921, akasoma Tabora na Makerere, akawa mtemi wa Unyanyembe, kisha Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya Uhuru. Mwaka 1963, chama kilipoamua nchi iende kwenye mfumo wa chama kimoja, aliona jambo hilo si sawa. Akajiuzulu uwaziri. Fikirini, ndugu zetu: nchi ina umri wa miaka miwili tu, shangwe za Uhuru bado zinasikika, na mtu anaacha gari, nyumba na heshima ya uwaziri kwa sababu ya jambo ambalo wengi waliliona ni dogo. Ilichukua karibu miaka 30 kwa nchi kulirudia swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mzee Fundikira akawa miongoni mwa walioongoza kamati ya kudai mabadiliko ya katiba, na baadaye akaongoza chama cha UMD. Mwisho wa yote alirudi CCM, akafariki mwaka 2007. Kuna wanaomlaumu kwa kwenda na wanaomlaumu kwa kurudi. Sisi hatumo katika ugomvi huo, na jumuiya hii haina chama. Tunachokitunza ni kwamba kila alipobadili msimamo alibadili hadharani, kwa jina lake mwenyewe, bila kumrushia mtu jiwe gizani.

Na swali lile aliloliacha mezani mwaka 1963 lilijibiwaje? Lilijibiwa na jaji. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi nzima na kuuliza wananchi: chama kimoja au vingi? Wananchi karibu asilimia 80 waliotoa maoni walisema tubaki na chama kimoja. Wachache tu walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Vijana hutuuliza: imekuwaje walio wachache wakashinda? Jibu ni kwamba haki ya mtu kusema na kujiunga na wenzake haihesabiwi kwa kunyoosha mikono. Hata wengi walioridhika na chama chao hawakupungukiwa kitu jirani yao aliporuhusiwa kuwa na chake. Tume ile ilikwenda mbali zaidi, ikaorodhesha sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa ziliminya uhuru wa raia. Hayo yote yanajulikana kwa sababu yaliandikwa.

Hapo tunafika kwenye kitu cha tatu, na hiki ni cha kwetu hasa, cha Kipalapala. Kitu hicho ni maandishi. Hapa kwetu wasomi wa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo wamekesha na vitabu tangu enzi za wazazi wetu. Hapa kwetu kilikuwapo kiwanda cha uchapaji cha misheni, TMP, na vitabu vilivyoandikwa jina la Tabora kwenye ukurasa wa mbele vilisomwa Bukoba, Songea, Mbeya na Moshi. Gazeti la Kiongozi lilianza mwaka 1950 hapa Tabora. Kwa muda mrefu, Mtanganyika aliyekaa mbali na mji, aliyesoma Kiswahili tu, alipata habari za dunia kwenye karatasi iliyotoka upande huu wa nchi. Mababu zetu walimwita kirangozi yule aliyetangulia mbele ya msafara akionyesha njia. Miaka ya 1950 kirangozi huyo alikuwa karatasi.

Wakoloni walilijua hilo. Mwaka 1958, miezi michache tu baada ya mkutano wa Tabora, Nyerere alishtakiwa mahakamani kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika jarida la Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa serikali. Alipatikana na hatia, akatozwa faini ya shilingi 3,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Hotuba ngapi alitoa, na umati mkubwa kiasi gani ulimsikiliza! Kilichomfikisha kizimbani ni maandishi.

Sasa tutoke kwa wakubwa, twende kwa watu wa kawaida, kwa sababu chumba tunachokijenga ni chao.

Mwanamke mmoja, Bi Hawa Mohamed, alipoachwa alidai sehemu ya mali iliyopatikana katika ndoa. Akaambiwa: wewe ulikaa nyumbani tu, hukuchangia senti. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Nyalali akaamua kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi, na kwamba kazi hiyo ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, kwa kuwa Mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia. Lakini tangu siku ile maelfu ya wanawake wamesimama juu ya hukumu iliyobeba jina lake.

Mwingine ni Bi Holaria Pastory wa Kagera. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mpwa wake akashtaki, akisema kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa. Bi Holaria hakunyamaza. Alikata rufaa, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba inayosema watu wote ni sawa. Kesi hiyo hufundishwa vyuoni hata ng'ambo. Nasi tunauliza: ni mama wangapi wa Kipalapala wanaijua?

Tunauliza kwa sababu mji unatanuka kuja kwetu. Mashamba ya jana leo ni viwanja. Mauziano mengi bado yanaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mzee anabonyeza dole gumba, shahidi ni mtoto wa mnunuzi, na nakala moja tu inabaki kwa mwenye fedha. Mume akifariki, kabla ya arobaini ndugu wamekwisha kugawana. Mjane huambiwa aende Baraza la Kata. Akifika huko anadhani atapewa hukumu, kumbe tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa, mtu hupeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyejua hatua hiyo hungoja. Anangoja mwezi, anangoja mwaka, na huku nyumba inapanda juu ya shamba lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati huu tunaishuhudia ikipotea.

Ndugu zetu, visingizio vyetu vimepungua. Zamani tulisema sheria ni ya Kiingereza. Mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani tulisema wakili ni ghali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusajiliwa, wanaoweza kumwelekeza mwananchi, kumsaidia kuandika na kumwonyesha mlango wa kugonga. Kinachokosekana kwetu ni mahali pa kukaa, vitabu, na nauli ya mafunzo kwa vijana watakaojitolea.

Kama kuna anayedhani kuchangia haki ni jambo geni, tunamkumbusha Wameru wa Arusha. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hawakuwa matajiri. Walichanga senti zao, wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton wa Moshi, akaieleza dunia yaliyowapata. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata kura za kutosha. Lakini Japhet aliporudi alizunguka nchini akisimulia, na watu wa majimbo mengine wakatambua kwamba mkulima wa Tanganyika anaweza kumshtaki mtawala wake mbele ya dunia. Miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa, na Japhet alikuwa mmoja wa waasisi wake, ukumbi mmoja na Germano Pacha wetu. Ile ilikuwa harambee kama hii yetu.

Sasa tunaomba nini? Tunaomba chumba kimoja cha matofali ya kuchoma chenye madirisha mapana, meza nne ndefu, rafu za vitabu na kabati la chuma lenye kufuli. Kabati hilo ni kwa ajili ya nakala za wosia, mikataba ya mauziano na hati za wanakijiji watakaopenda kuzitunza hapo. Jumamosi mbili kila mwezi msaidizi wa kisheria atakaa kwenye dawati kusikiliza watu bila malipo. Jioni za siku nyingine chumba ni cha wanafunzi. Na kila robo mwaka tutafanya mdahalo wa wazi, vijana kwa wazee, ili watoto wetu wajifunze kupingana bila kutukanana. Spika Sitta, ambaye alifariki mwaka 2016, alikumbukwa kwa kuacha Bunge libishane. Mwaka 2008 ripoti ya Richmond ilijadiliwa wazi bungeni, nchi nzima ikisikiliza, na Waziri Mkuu akajiuzulu. Kuvumilia mabishano ya namna ile hufundishwa mapema, na hufundishwa nyumbani.

Mchanganuo wa gharama umechapishwa mwishoni mwa kijitabu hiki, mstari kwa mstari. Kila mchango utapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa ukutani pale chumbani siku ya kufunguliwa. Kamati inayohubiri daftari lazima iwe na lake. Asiye na fedha alete tofali, mchanga au siku moja ya kazi. Mwenye vitabu vya sheria vilivyokaa kabatini Dar es Salaam avikumbuke. Na mawakili na mahakimu waliozaliwa hapa, waliostaafu na walio kazini, tunawaomba Jumamosi moja kwa mwaka. Mcheza kwao hutunzwa, nanyi kwenu ni hapa.

Hatujui kama katika chumba hicho atakaa Fundikira mwingine. Hilo tunamwachia Mungu. Tunachotaka ni kwamba mama wa Kipalapala akiitwa mbele ya baraza aende na karatasi yake mkononi, ameisoma mwenyewe, na anajua mlango unaofuata ni upi.

Karibuni kwenye meza ya michango.